Kitanda Kabla ya Jeneza



Katika darsa yetu liliulizwa swali ambalo si la mtu mmoja, ijapokuwa mtu mmoja ndiye aliyelitamka. Muulizaji ni kijana ambaye kwao ni Nyamira, katika nchi ya Wakisii. Amesilimu, ameoa papa hapa Mombasa, na riziki yake yatoka bandarini. Mama yake aliletwa pwani kutibiwa. Ana saratani ya koo la chakula, maradhi yajulikanayo sana katika nyanda za juu za magharibi ya Kenya, na juu ya hayo amepooza upande mmoja, hawezi kugeuka kitandani illa ageuzwe. Madaktari wamekwisha kusema wazi ya kuwa dawa ya kuyaondoa maradhi yale hawanayo tena, na iliyobaki ni dawa ya kutuliza maumivu. Mama naye ametaka jambo moja tu, arudishwe kwao.

Hapo ndipo wanawe walipokhitalifiana. Mmoja asema kumtoa hospitali ni kumtupa. Wa pili asema na arudishwe upesi, kwani akifia Mombasa gharama za kuisafirisha maiti zitawafilisi. Na miongoni mwa Waislamu wenzake kijana huyu, yuko aliyemwambia ya kwamba mama yule ni Msabato, si mtu wa dini yetu, basi atume fedha na yatosha.

Swali hili lina maswali matatu ndani yake. La kwanza, je, haki ya mzazi asiye Muislamu ni pungufu? La pili, je, kumtoa mgonjwa hospitali ni kumtupa? La tatu, je, kumrudisha kwao ni wema, au ni kuukimbia mzigo? Tutayajibu moja baada ya moja, kisha tuna neno la kusema na sisi wenyewe tulio na misikiti.

HAKI YA MAMA

Ama la kwanza, jawabu lake ni fupi. Mwenyezi Mungu katika Surat Luqman ametaja hali ya wazazi wanaomshika mwana wao ili amshirikishe Mungu, naye akaamrisha mambo mawili pamoja, mwana asiwatii katika hilo, na akae nao kwa wema katika dunia hii. Mwenye kushika amri ya kwanza akaiacha ya pili ameshika nusu ya aya. Na Bukhari na Muslim wamepokea khabari ya Asmaa binti Abubakar, ambaye mama yake alimjia Madina hali bado yumo katika ushirikina, akitaraji kitu kwa binti yake. Asmaa hakujiamulia, alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akamuuliza kama amuunge, naye akamwamrisha amuunge.

Na kuunga si kutuma fedha tu. Fedha humuunga aliye mbali na mwenye nguvu. Asiyeweza kuinua kikombe cha maji huungwa kwa mkono unaomwinulia kikombe. Ikiwa mama yule anataka jirani zake wa kanisa waje wakae naye, na wamwimbie kama walivyozoea, mwana asifunge mlango. Kumwombea mama yake uongofu ni jambo lililo baina yake na Mola wake, naye hakatazwi. Walakin kumhojihoji mtu asiyeweza hata kugeuza shingo akaondoka si da'awa, ni udhia.

KUTIBU NA KUUGUZA

Ama la pili, twaona lugha yetu yenyewe imekwisha kulijibu kwa nusu. Twasema kutibu, na twasema kuuguza, wala maneno haya mawili hayana maana moja. Kutibu ni kazi ya tabibu, na mwisho wake ni ama kupona ama kushindwa. Kuuguza ni kazi ya mwenye mgonjwa, wala hakuna kushindwa ndani yake maadamu mgonjwa yu hai.

Fikihi nayo imepambanua vivyo hivyo. Katika madhehebu yetu ya Kishafi, kujitibu kwa dawa ambayo kupona kwake si kwa yakini ni sunna, si wajibu. Basi mgonjwa aliyeambiwa na matabibu waaminifu ya kuwa dawa haimfai tena, akaiacha, hana lawama, na wanawe hawana lawama. Walakin hatumjui mwanachuoni aliyesema ya kuwa kumlisha mzazi, kumwosha, kumgeuza na kumwondolea maumivu ni jambo la khiari likiwa mwana aweza. Kwa hivyo tiba ipunguapo, uuguzi haupungui, bali huzidi. Anayedhani ya kuwa daktari akisema "hatuna tena la kufanya" basi na yeye amefunguliwa, ameyafahamu maneno kinyume. Daktari ametaja mwisho wa kazi yake yeye, naye mwana ndiyo kwanza aanza yake.

Na hata upande wa matabibu, mambo si kama yalivyokuwa zamani. Mwaka 1967 bibi mmoja wa Kiingereza, Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kisha akasomea udaktari, alifungua London nyumba ya kuwapokea wagonjwa wasiotarajiwa kupona, iitwayo St Christopher's. Shabaha yake haikuwa kurefusha siku za mgonjwa wala kuzifupiza, bali ni kuziondolea maumivu siku alizobaki nazo. Kazi hiyo huitwa hospisi, nayo ilifika kwetu. Hospisi ya Nairobi ilianza mwaka 1990. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman aliianzisha Kampala, na Uganda ikaendelea hata mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi na maafisa wa tiba waliofundishwa kazi hii kuandika wenyewe dawa ya mofini, wasimngoje daktari asiyefika vijijini. Hapa Mombasa tunayo hospisi ya pwani, na katika hospitali kuu ya Kisii kuna kitengo cha kazi hii. Mwaka 2014 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani uliyataka mataifa yote yaitie huduma hii katika mipango yao ya afya.

Wengi wetu twadhani hospisi ni jumba la kwenda kufia. Sivyo. Sehemu kubwa ya kazi yake hufanywa nyumbani kwa mgonjwa. Muuguzi huja, hupima maumivu, huwafunza watu wa nyumba, huacha dawa, na hurudi. Basi kumtoa mzazi hospitali akapelekwa mahali ambapo kazi hii yamfuata, si kumtupa. Kumtupa ni kumtoa hospitali akapelekwa mahali ambapo haimfuati.

Hapa tujibu na shaka moja ambayo twajua imo vifuani mwa watu. Mofini hutokana na afyuni, na afyuni hulevya, je, yafaa? Mafakihi wa Kishafi wa zamani waliruhusu kumpa mtu kitu cha kumpoteza fahamu ili akatwe kiungo kilichooza, kwa sababu dharura ina hukumu yake. Na dawa hii ipimwayo na mjuzi haifiki hata huko. Mgonjwa apewaye kiasi chake huweza kuongea na watu wake, jambo ambalo maumivu yalikuwa yamemnyima. Huwa ya maji, hunywewa kila baada ya saa nne, wala haingojwi mpaka mgonjwa apige kelele. Yatakikana iende pamoja na dawa ya kulainisha choo, kwani mofini hufunga choo. Mwenye kumnyima mama yake dawa hii kwa kuogopa kulevya, akamwacha alie usiku kucha, hajailinda sharia. Wahenga wamesema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, nasi twasema na adhabu ya kitanda aijuaye alalaye.

NIA YA MSAFARA

Ama la tatu ndilo zito, kwa kuwa hapo mambo yaonekana sawa kwa nje na yakakhitalifiana kwa ndani. Watu wawili waweza kuwatoa mama zao hospitali siku moja, kwa gari moja, wakawapeleka kijiji kimoja, mmoja akawa amefanya wema na mwenzake amefanya dhulma.

Tumetazama sababu za watu tukaziona ni tatu. Yuko amrudishaye mzazi kwa kuogopa maneno ya watu, kwamba watasema amemwacha mama yake afe ugenini. Yuko amrudishaye kwa hisabu ya fedha, kwani yajulikana nchi nzima ya kuwa kumsafirisha aliye hai ni rahisi kuliko kuisafirisha maiti. Na yuko amrudishaye kwa sababu mzazi mwenyewe ametaka. Hatusemi fedha haina haki ya kutajwa, masikini hulazimika kuhesabu, na kuhesabu si dhambi. Twasema ya kuwa sababu mbili za kwanza humalizika siku mgonjwa afikapo. Watu wamekwisha kuona, gharama imekwisha kuepukwa, na mgonjwa amebaki kitandani wala hakuna tena aliye na haja naye. Sababu ya tatu ndiyo pekee ambayo haiishi mpaka aishe mwenyewe.

Kwa hivyo jambo la kwanza ni kumuuliza mzazi. Twastaajabu kuona watoto watu wazima wakikaa kikao, wakapiga kura juu ya mama yao, naye yupo chumba cha pili ana akili zake timamu wala hakuulizwa. Kupooza kumechukua mkono na mguu, hakukuchukua rai yake. Aelezwe ukweli kwa upole, kuwa safari ni ndefu, ina mashaka, na yamkini asifike. Akisema nipelekeni baada ya kuyajua hayo, neno lake lina uzito kuliko la mkubwa wao.

Jambo la pili ni njia. Kutoka Mombasa hata nchi ya Kisii yakaribia kilomita 800. Kiti cha basi si mahali pa mtu aliyepooza. Yatakikana gari ambalo atalala, na humo garini ageuzwe kila baada ya saa mbili kama ageuzwavyo kitandani, kwani vidonda vya kulala haviulizi kama mtu yuko safarini. Dawa ya maumivu ipimwe kabla ya kuondoka na ichukuliwe ya kutosha. Barua ya daktari ichukuliwe, na hospitali ya Kisii ipewe khabari kabla ya gari kung'oa nanga, si baada ya mgonjwa kuanza kulia kijijini.

Jambo la tatu ni nyumba. Nyamira si Mombasa. Ni nchi ya milima iliyofika karibu na mita 2000 juu ya bahari, mvua yake ni nyingi, usiku wake ni wa baridi, na nyumba nyingi zimo mteremkoni katika majani ya chai na migomba, mahali ambapo gari halifiki siku za matope, na mgonjwa hubebwa kwa machela mikononi mwa watu. Choo aghlabu kiko nje. Basi kabla ya mama kuondoka, mtu atangulie. Pawe na kitanda kilichoinuka ili anayemwosha asivunjike mgongo, pawe na mablanketi, taa, shuka za kubadilisha na chombo cha haja. Haya ndiyo maandalizi ya wema, nayo hayana picha nzuri ya kuwaonyesha watu.

MIKONO YA NANI?

Sasa twafika penyewe. Jambo la nne ni mikono.

Katika al-Adab al-Mufrad, Imam Bukhari amepokea khabari ya mtu wa Yemen aliyemchukua mama yake mgongoni akawa azunguka naye Al-Kaaba, kisha akamuuliza Abdullahi bin Umar kama amekwisha kumlipa. Akajibiwa ya kuwa hajamlipa hata mguno mmoja wa uchungu wa kuzaa. Watu huisimulia khabari hii ili kuonyesha ukubwa wa deni. Sisi twawaomba watazame na jambo jingine ndani yake, ambalo ni mgongo. Ulikuwa mgongo wa yule mwana mwenyewe.

Kwetu pwani, na huko bara ni vivyo hivyo, mwana husema "nimemrudisha mama nyumbani", na ukichungua utaona aliyemwosha ni mkewe, aliyefua shuka ni mkewe, aliyeamka saa nane za usiku ni mkewe, na mwana yuko mjini apokea pongezi kwa simu. Na tuseme wazi jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia. Katika sharia, kumhudumia mkwe si wajibu wa mke. Akifanya, ni ihsani yake na ujira wake uko kwa Mola wake, naye astahili kushukuriwa kwa ulimi na kwa mkono. Walakin mwana hana haki ya kuchukua deni lake akalipandika juu ya kichwa cha mtu mwingine, kisha akadai radhi za mama ni zake. Mkaza mwana aulizwe, kama mama alivyoulizwa.

Basi wajibu ni wa watoto wote, wa kiume na wa kike, kila mmoja kwa aliloweza. Mwenye mikono atoe mikono. Mwenye fedha atoe fedha, na fedha hiyo ikodishe mikono, amlipe mwanamke mwaminifu wa pale kijijini aje kila siku, ampe na ndugu aliyebaki nyumbani mshahara wa siku alizoziacha shamba lake. Fedha inayogeuka kuwa mikono ni uuguzi. Fedha inayobaki kuwa fedha ni salamu tu. Na kijana wetu muulizaji, mwenye mke na watoto wa kuwalisha, hatumwambii aache kazi. Twamwambia aombe likizo, aende na mama yake mwenyewe, akae naye mpaka ajifunze na awafunze wengine, kisha nduguze wagawe zamu kwa miezi, na zamu yake asiiuze.

Kumetajwa na suala la sitara. Kumwosha mama, binti au mwanamke mwingine ndiye bora. Asipopatikana, mwana ana rukhsa, amfunike nguo, aoshe chini ya nguo kwa mkono uliovikwa kitambaa, wala asitazame zaidi ya haja. Kuona haya ni jambo jema, walakin mama asiachwe katika uchafu kwa sababu ya haya ya mwanawe, naye alimwosha miaka mingi wala hakuona haya.

Na siku za mwisho, mgonjwa akikataa chakula asilazimishwe. Koo lililozibwa na maradhi halipitishi uji kwa nguvu, bali uji huo huingia katika mapafu na kumsonga. Maji kidogo kwa pamba midomoni, mkono mkononi, sauti ya mtu amjuaye, hayo yatosha.

Mola wetu katika Surat al-Israa amekataza hata sauti ya kuchoka mbele ya wazazi wazee. Na tutazame ilivyotajwa, kwani aya haikutaja uzee tu, imetaja uzee uliomfikia mzazi hali yuko kwako. Sauti ya kuchoka haitoki kwa aliye mbali, yeye achokee nini? Hutoka kwa aliyebadilisha shuka mara ya tatu usiku mmoja. Kwa hivyo amri hii ameandikiwa hasa yule aliye na mikono kazini, na wema wa wenzake kwake ni kumpokea kabla hajafika hapo.

Jambo la tano ni amani. Si kila nyumbani ni salama. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021, huko Marani katika Kisii, wanawake wazee wanne waliuawa kwa kutuhumiwa uchawi. Na sisi wa pwani tusiwanyoshee wenzetu kidole, kwani Kilifi nako wazee wenye mvi wameuawa kwa tuhuma hizo hizo, na nyuma ya tuhuma mara nyingi huwa ni tamaa ya ardhi. Mzee aliyepotewa na kumbukumbu, anayesema maneno yasiyofahamika usiku, ni mgonjwa, si mchawi. Mwenye kumrudisha mzazi wa namna hii ahakikishe kwanza nani wamzungukao. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 57, imewapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali. Basi hata asiyemwogopa Mungu ana sheria ya kumwogopesha.

Jawabu letu kwa muulizaji ndilo hili. Mama akiwa ametaka, na njia ikapatikana, na nyumba ikatengezwa, na mikono ikajulikana kwa majina na zamu, na penye amani, basi kumrudisha ni wema mkubwa wala asicheleweshe. Ikikosekana mikono, kumrudisha ni kumhamisha upweke tu kutoka wadi yenye muuguzi hadi chumba kisicho na mtu. Na hapo ni bora akae naye papa hapa Mombasa, nyumbani kwake, chini ya uangalizi wa hospisi, huku akiitafuta hiyo mikono kwa juhudi, kwani haja ya mama bado ni deni.

NENO LETU KWA WENYE MISIKITI

Twajua wako watakaosema ya kuwa hii ni khabari ya Nyamira, sisi yatuhusu nini? Twajibu ya kuwa wangapi wetu wamewaleta wazazi wao kutoka Lamu, Faza, Siyu au Vanga kutibiwa Mombasa, na mzazi akasema nirudisheni kwetu? Tena kwetu jambo hili lina haraka zaidi. Sisi hatuwekei maiti mikutano. Muislamu huzikwa upesi pale alipofia, na kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu yakataza kuihamisha maiti mji hadi mji. Basi Muislamu mwenye kutaka kulala katika udongo wa kwao hana budi arudishwe hali yu hai. Akicheleweshwa amekoseshwa.

Na mzazi Muislamu ana haki moja zaidi, kusaidiwa kuswali. Imran bin Husain, aliyekuwa na maradhi, alifundishwa na Mtume aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Asiyeweza kutia udhu atilishwe, na maji yakimdhuru atayamamishwe. Kitanda kielekezwe kibla. Haya nayo yataka mikono.

Ndugu zetu, ingieni msikiti wowote wa mji wetu mtalikuta jeneza, limefutwa vumbi, na ubao wa kuoshea maiti uko mahali pake. Mtu akifa saa kumi za alfajiri, kufikia adhuhuri amepata wa kumwosha, wa kumkafini, wa kumchimbia na mamia ya kumbeba, wala hakuna aulizaye nani atalipa. Hili ni jambo la fakhari, na Mungu alidumishe. Walakin mtu huyo huyo alilala miezi minane mtaa wa nyuma ya msikiti, akigeuzwa na binti mmoja peke yake, na wabebaji wote wale hawakubisha hodi. Mabega mia yalipatikana ya kumbeba hatua chache siku moja, wala haikupatikana mikono miwili ya kumgeuza. Na bara ni vivyo hivyo, mchango wa maziko hujaa kwa usiku mmoja, na mchango wa godoro hauna mwenye kuuitisha.

Msikiti gani una kitanda cha mgonjwa?

Wazee wetu katika Uislamu hawakuwa hivi. Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake Cairo, mwaka 1284, aliiwekea wakfu ili wagonjwa wahudumiwe, tajiri na masikini. Wakfu huo wa hospitali ulikuwa wa mtu aliye hai mwenye maumivu. Sisi hatuna mali ya Qalawun, wala haitakikani. Yatakikana kila msikiti mkubwa uwe na kitanda kimoja cha kuinuka, godoro la kuzuia vidonda, kiti cha magurudumu, machela na chombo cha haja, vitu vya kuazimwa na kurudishwa, viandikwe katika daftari kama liandikwavyo jeneza. Yatakikana wanaume sita na wanawake sita katika kila mtaa waliofundishwa na wauguzi wa hospisi kugeuza, kuosha na kutambua maumivu, wakaenda kwa zamu kumpumzisha binti aliyechoka. Na wasiulize mgonjwa ni wa msikiti gani, wala kama ana msikiti. Jirani ana haki ya ujirani.

Darsa yetu imeazimia kuanza kwa kitanda kimoja na daftari moja. Mwenye kitanda kilichobaki baada ya mgonjwa wake kuondoka asikiuze, akilete. Na kitanda cha kwanza kikipatikana kabla ya safari ya Nyamira, tumekubaliana ya kuwa kitatangulia huko.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuwatumikia wazazi wetu wangali wanahisi mikono yetu. Wabillahi tawfiq.